Dawa, au chakula na mazoezi kwanza? Namna ya kuamua ukiambiwa una kisukari aina ya pili

Mtu akitoka maabara na karatasi inayosema sukari iko juu, swali la kwanza huwa lilelile: "Sista, nianze dawa, au kwanza nijaribu kupunguza ugali na kufanya mazoezi?" La pili huulizwa kwa sauti ya chini: "Nikishaanza dawa, si ndiyo basi tena, sitaziacha?" Nafanya kazi kwenye kliniki ya kisukari hapa Dodoma, na maswali haya nayasikia kwa mwalimu wa Nkuhungu, kwa mama muuza mboga wa Majengo, na kwa mzee aliyetoka Bahi na basi la alfajiri. Nimeyaandikia majibu kwa hatua, ili ukienda kumwona daktari uende ukijua unachokwenda kuuliza.

Msimamo wangu nauweka mapema. Kila mwenye kisukari anabadili chakula na anatembea, awe anatumia dawa au hatumii. Kinachoamuliwa ni jambo moja tu: dawa zianze leo, au zisubiri miezi mitatu huku vipimo vikifuatiliwa? Anayesema "mimi nimechagua chakula na mazoezi" lakini hana tarehe ya kupima tena, bado hajachagua kitu. Anasubiri tu, na sukari haimsubiri.

Mwongozo huu ni wa mtu mzima mwenye kisukari aina ya pili. Kama ni mjamzito, kama mgonjwa ni mtoto, au ni kijana aliyekonda ghafla huku akikojoa usiku kucha, usifuate hatua hizi. Nenda hospitali leo.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Majibu ya vipimo yaliyoandikwa, yenye tarehe. "Waliniambia iko juu kidogo" haitoshi.
- Kipimo cha HbA1c, kile kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Hakipatikani kila zahanati. Uliza hospitali ya wilaya au ya rufaa, na maabara kubwa za binafsi.
- Kipimo cha figo (kreatinini ya damu na protini kwenye mkojo), shinikizo la damu, na uzito wako wa sasa.
- Orodha ya dawa zote unazotumia, za hospitali na za kienyeji.
- Daftari dogo. Simu pia inafaa, lakini daftari halizimiki chaji ukiwa mbele ya daktari.
- Mashine ya kupimia sukari nyumbani, ukiweza. Kabla hujainunua, uliza kwanza bei ya vijiti vyake vya kupimia na kama vinapatikana hapa mjini. Mashine unainunua mara moja, vijiti unavinunua kila mara.
- Mtu mmoja wa nyumbani anayejua mpango wako, hasa yule anayepika.

Hatua ya 1: Hakikisha kweli ni kisukari

Kipimo kimoja cha kidole kwenye banda la maonyesho hakitoshi kukupa jina la mgonjwa wa kisukari. Namba zinazotumika ni hizi:

- Sukari ya asubuhi, ukiwa hujala kwa saa 8 au zaidi: 7.0 mmol/L au juu yake (namba zote za sukari humu ni kwa kipimo hiki cha mmol/L).
- Sukari ya wakati wowote: 11.1 au juu yake, pamoja na dalili kama kiu isiyoisha, kukojoa sana na kukonda.
- HbA1c: asilimia 6.5 au juu yake.

Kama huna dalili yoyote, kipimo kirudiwe siku nyingine kabla hujakubali jibu. Na kama una selimundu, upungufu mkubwa wa damu, au uliongezewa damu karibuni, mwambie daktari, kwa sababu HbA1c inaweza kudanganya. Hapo mtategemea zaidi sukari ya asubuhi.

Sasa kosa ninaloliona sana wakati wa msimu wa zabibu. Mtu amekula zabibu, amefuta mikono kwenye nguo, kisha anajichoma kidole. Utomvu wa tunda uliobaki kwenye ngozi unaingia kwenye tone la damu na mashine inasoma 14 wakati sukari yake halisi ni 7. Embe lililoiva hufanya vivyo hivyo. Nawa kwa maji na sabuni, kausha kabisa, ndipo uchome. Ukiona namba ya kushtua, nawa tena na urudie kidole kingine kabla hujaita bodaboda.

Hatua ya 2: Angalia kama una dalili zinazoondoa uchaguzi

Ukiwa na lolote kati ya haya, usijipe miezi mitatu ya majaribio:

- Unatapika, unapumua haraka na kwa kina, una usingizi usio wa kawaida au unachanganyikiwa. Hii ni dharura. Nenda hospitali saa hiyohiyo.
- Unakonda haraka, unakojoa sana na kiu haiishi.
- Sukari imefika 16.7 au zaidi, au HbA1c imezidi asilimia 10.
- Una kidonda mguuni kisichopona, macho yameanza kuona ukungu, au kipimo cha figo kina tatizo.
- Una ugonjwa wa moyo au umewahi kupata kiharusi.

Kwa watu hawa dawa zinaanza sasa, na wengine wanaanza na sindano za insulini moja kwa moja. Kuanza na insulini hakumaanishi umefika mwisho. Mara nyingi ni ya muda, mpaka sukari ishuke na kongosho, kiungo kinachotengeneza insulini mwilini, lipumue, kisha mtu anahamia vidonge.

Nyongeza fupi kwa anayekonda na kukohoa: omba upimwe na kifua kikuu pia. Kisukari kinaongeza uwezekano wa kupata TB, na kukonda kunaweza kutokana na vyote viwili.

Hatua ya 3: Jiweke kwenye kundi lako

Kundi la kwanza: bado hujafika. Sukari ya asubuhi iko kati ya 6.1 na 6.9, au HbA1c imekaribia 6.5 lakini haijaifikia. Hapa chakula na mazoezi ndiyo matibabu yenyewe, na yana nguvu kuliko kidonge. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002 uliwagawa watu wa kundi hili: waliopunguza uzito kwa karibu asilimia 7 na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metformini, kidonge cha kushusha sukari, walipunguza kwa asilimia 31. Ukiwa kundi hili, una bahati ya kujua mapema. Itumie.

Kundi la pili: kisukari kimeanza, bado kiko chini. HbA1c ni kati ya 6.5 na 7.5, huna dalili, figo na macho ni salama, na moyo hauna tatizo. Hapa ndipo uchaguzi wa kweli ulipo. Unaweza kukubaliana na daktari mjaribu chakula na mazoezi peke yake kwa miezi mitatu. Madaktari wengi watakushauri uanze metformini hukohuko mwanzo, na hawakosei. Metformini peke yake haishushi sukari kupita kiasi, na inakupa nafasi wakati mwili unazoea mabadiliko.

Nikiulizwa mimi, nauliza swali moja: nyumbani kwako nani anapika, na yuko upande wako? Ukijibu kwa uhakika, miezi mitatu bila dawa inaweza kufaa. Kama unakula hotelini mara mbili kwa siku na huna namna ya kubadili hilo kwa sasa, anza dawa huku ukitafuta namna.

Kundi la tatu: HbA1c imezidi 7.5. Dawa na mabadiliko ya chakula vianze pamoja. Usisubiri "mpaka baada ya sikukuu" au "mpaka nimalize mavuno".

Hatua ya 4: Andika makubaliano yenye tarehe

Hii ndiyo hatua inayorukwa na karibu kila mtu, na ndiyo inayotenganisha uamuzi na matumaini. Fungua daftari, mbele ya daktari au nesi, andika:

- Tarehe ya leo, HbA1c, sukari ya asubuhi, uzito, shinikizo la damu.
- Lengo. Kwa watu wengi ni HbA1c chini ya 7, sukari ya asubuhi kati ya 4.4 na 7.2, na saa mbili baada ya kula iwe chini ya 10. Mzee sana au mwenye magonjwa mengine anaweza kuwekewa lengo la juu zaidi, mfano HbA1c chini ya 8, ili sukari isije ikashuka na kumwangusha.
- Tarehe ya kurudia HbA1c, miezi mitatu mbele. Si "nikipata nafasi".
- Namba itakayokurudisha kliniki kabla ya tarehe hiyo. Mfano: sukari ya asubuhi ikizidi 10 kwa siku tatu mfululizo, narudi.
- Sentensi hii, kwa mwandiko wako: "Nisipofikia lengo tarehe hiyo, naanza dawa" au "naongezewa dawa".

Onyo: usihesabu miezi mitatu kuanzia siku "utakapokuwa tayari". Inaanza siku uliyopimwa.

Hatua ya 5: Badili sahani, usikimbie chakula cha nyumbani

Watu wanakuja wakiamini kisukari maana yake ni kuacha chakula cha kwetu na kuanza kununua shayiri ya boksi dukani. Hapana. Chakula cha Mgogo wa kijijini, mtama au uwele, mlenda, kunde, karanga kidogo, ni kizuri kuliko vingi tunavyokula mjini. Tatizo ni kiasi, na ni sukari tunayokunywa.

Chukua sahani ya kawaida. Nusu yake ijae mboga: mlenda, mchicha, figiri, matembele, chainizi, kabichi. Robo iwe protini: maharage, choroko, kunde, dagaa, samaki, yai, nyama isiyo na mafuta mengi. Robo iliyobaki ndiyo ya ugali, wali, viazi, ndizi au chapati. Kwa ugali, kipimo ni ngumi yako mwenyewe, ngumi moja. Mara ya kwanza utaiona sahani inachekesha. Ongeza mboga na maharage, ushibe navyo.

Kosa kubwa la Dodoma ni hili: mtu anaacha sembe, anahamia ugali wa mtama au dona, halafu anakula mlima uleule kwa sababu "huu hauna sukari". Una wanga, na wanga unageuka sukari tumboni. Mtama na dona vina nyuzinyuzi zaidi na vinapandisha sukari taratibu kidogo, lakini ngumi inabaki ngumi. Mlenda unakusaidia hapa, kwa sababu ule utelezi wake ni nyuzinyuzi zinazochelewesha sukari kuingia kwenye damu. Ule mwingi, mradi usiujaze karanga na mafuta ya alizeti mpaka uwe chakula cha kunenepesha.

Vinywaji ndipo ushindi wa haraka ulipo. Chupa ya soda ya mililita 350 ina sukari inayokaribia vijiko vidogo tisa. Chai ya vijiko vitatu mara tatu kwa siku ni vijiko tisa vingine. Juisi ya zabibu, juisi ya ubuyu iliyotiwa sukari, togwa, uji wa lishe wenye sukari, vyote vinahesabiwa. Asali ni sukari. Sukari guru ni sukari. Ukiacha kunywa sukari kwa wiki mbili bila kubadili kitu kingine chochote, mashine yako itakuonyesha tofauti.

Matunda hayakatazwi. Kula tunda lenyewe, usinywe juisi yake. Zabibu mbichi, kumi hadi kumi na tano kwa mara moja zinatosha. Zabibu kavu ni tamu zaidi kwa ujazo uleule, kwa hiyo punguza sana. Ubuyu wa kupikwa na sukari na rangi, ule mwekundu, ni pipi. Unga wa ubuyu mtupu uliokorogwa kwenye maji hauna shida.

Pombe iwe kidogo au uiache. Anayetumia glibenklamidi (kidonge kingine cha kushusha sukari) au insulini akinywa bila kula, sukari inaweza kushuka usiku akiwa amelala, na walio karibu wakadhani amelewa tu.

Hatua ya 6: Tembea, na ulinde miguu

Lengo ni dakika 150 kwa wiki. Nusu saa, siku tano. Iwe mwendo unaokufanya uweze kuongea lakini usiweze kuimba. Jua letu la mchana ni kali, kwa hiyo tembea alfajiri au jioni. Wanaofanya kazi Mtumba, kwenye ofisi za Serikali, wanakaa kwenye gari, halafu kwenye kiti, halafu kwenye gari tena. Shuka kituo kimoja au viwili kabla ya nyumbani. Dakika 10 hadi 15 za kutembea baada ya chakula cha usiku zinashusha sukari ya mlo huo waziwazi. Pima kabla ya kula na saa mbili baada ya kula, siku ya kutembea na siku ya kukaa, ulinganishe mwenyewe.

"Mimi nalima, mazoezi ya nini tena?" Kulima ni mazoezi ya nguvu kabisa, lakini huku kwetu mvua ni ya msimu mmoja, takriban Desemba hadi Aprili. Ukishavuna, kuanzia katikati ya mwaka mwili unakaa kivulini na ugali unabaki uleule. Hapo sukari inaweza kupanda. Panga kutembea kwa miezi hiyo.

Usitembee peku, na usitembee na kandambili kwenye njia za porini. Kisukari kinafisha hisia za miguu, na mwiba wa huku unapita kwenye kandambili nyembamba bila wewe kusikia kitu. Mtu anagundua jioni akiona damu kwenye shuka. Vaa viatu vilivyofunikwa, vikung'ute kabla ya kuvaa, na kila usiku kagua nyayo na katikati ya vidole. Usipoweza kuinama, tumia kioo au mwombe mjukuu akuangalie.

Kama una uzito mkubwa, lenga kupunguza asilimia 5 hadi 10. Mtu wa kilo 80 hiyo ni kilo 4 hadi 8.

Hatua ya 7: Ukianza dawa, ianze vizuri

Metformini ndiyo huanza kwa wengi. Kwa kawaida ni miligramu 500 mara moja kwa siku pamoja na chakula, kisha daktari anaongeza taratibu. Wiki za kwanza tumbo linaweza kusokota au ukaharisha. Imeze katikati ya mlo, si kabla. Wengi hali hiyo huisha. Ikiendelea, usiache kimyakimya, uliza kuhusu aina inayoyeyuka polepole. Ukiitumia miaka mingi, omba siku moja upimwe vitamini B12, maana inaweza kupungua.

"Dawa zinaharibu figo" ni maneno yanayowapoteza watu wengi. Kinachoharibu figo ni sukari iliyokaa juu miaka, na shinikizo la damu. Metformini haiharibu figo. Hupunguzwa au kusimamishwa pale figo zilipokwisha kudhoofika, na ndiyo maana kipimo cha figo kipo kwenye orodha ya mwanzo.

Glibenklamidi ni ya bei nafuu na inashusha sukari kwa nguvu, lakini inaweza kuishusha kupita kiasi, hasa kwa wazee na wenye figo dhaifu. Ukiimeza, lazima ule. Mzee wa zaidi ya miaka 60 akiandikiwa dawa hii, ana haki ya kuuliza kama gliklazidi inapatikana, kwani hatari yake ya kushusha sukari ni ndogo zaidi. Na mwenye ugonjwa wa moyo au figo aulize kuhusu dawa kama empagliflozini au dapagliflozini, zinazolinda viungo hivyo. Bei yake iko juu na hazipo kila mahali, lakini kuuliza ni bure.

Kila anayetumia glibenklamidi au insulini, na kila anayeishi naye, ajue dalili za sukari kushuka: kutetemeka, jasho la baridi, njaa ya ghafla, moyo kwenda mbio, kusema maneno yasiyoeleweka. Ikiwa chini ya 4.0, au dalili zipo na huna mashine, koroga vijiko vidogo vinne vya sukari kwenye maji unywe, au kunywa nusu chupa ya soda ya kawaida. Subiri dakika 15, pima tena, rudia kama bado iko chini, kisha kula chakula. Mtu aliyepoteza fahamu usimmiminie kitu mdomoni. Mlaze ubavu na mkimbize hospitali.

Hatua ya 8: Siku ya tarehe, soma majibu bila kuyatetea

Miezi mitatu imefika, HbA1c mpya iko mkononi.

Umefikia lengo bila dawa: endelea, na rudia kipimo baada ya miezi mitatu hadi sita. Hujamaliza. Kisukari kinaweza kurudi kimyakimya.

Imeshuka lakini haijafika: anza dawa, au ongeza, na usiache uliyoyajenga kwenye chakula. Ulichofanya kimekupunguzia kipimo cha dawa.

Haijashuka au imepanda: anza dawa leo. Usiombe miezi mitatu mingine. Najua inauma kwa mtu aliyeacha chai ya sukari na kuamka alfajiri kutembea. Lakini kuna miili ambayo kongosho limechoka kiasi kwamba jitihada zako haziwezi kulifidia, na hilo halihusiani na uvivu wala adhabu.

Na lile swali la kunong'ona: je, naweza kuziacha? Wengine wanaweza. Utafiti wa Uingereza uliotolewa mwaka 2017 ulionyesha kwamba karibu nusu ya waliowekwa kwenye mpango wa kupunguza uzito kwa nguvu waliweza kukaa bila dawa baada ya mwaka mmoja, sukari ikiwa chini ya kiwango cha kisukari. Waliopungua kilo 15 au zaidi, asilimia 86 walifanikiwa. Lakini hawa walikuwa na kisukari kwa miaka isiyozidi sita, hawakuwa kwenye insulini, na madaktari waliwasimamia hatua kwa hatua. Anayepunguza dawa ni daktari, kwa kuangalia namba. Mtu anayeziacha kwa sababu "najisikia vizuri" ndiye ninayemwona baadaye akiwa na kidonda.

Mambo yakienda kombo

*Sukari ya asubuhi iko juu ingawa sikula usiku.* Ini linatoa sukari alfajiri kukuamsha, na kwenye kisukari linatoa nyingi. Kulala njaa hakutatui. Kula mapema, tembea baada ya kula, na mwonyeshe daktari namba za wiki nzima.

*Mashine yangu na ya kliniki hazilingani.* Tofauti ndogo ni ya kawaida. Ikiwa kubwa, angalia tarehe ya vijiti kuisha muda, na kama kopo lilibaki wazi au kukaa juani. Lifunge mara tu ukitoa kijiti.

*Sina uwezo wa kununua vijiti.* Usipime kila siku bila mpango. Pima asubuhi mara mbili kwa wiki, na uweke pesa ya HbA1c kila miezi mitatu. Hicho kimoja kitakueleza zaidi.

*Familia inakula chungu kimoja.* Usijipikie peke yako, utachoka. Punguza mafuta na sukari kwenye chungu cha wote, jipakulie mboga kwanza, kisha ugali. Watoto wako wana urithi wako, kwa hiyo chakula hiki ni chao pia.

*Mama mkwe kaleta dawa ya unga, anasema imeponya watu.* Mshukuru, kisha mwulize ina nini ndani. Katika nchi mbalimbali zimekamatwa dawa za "asili" zilizochanganywa kimyakimya na vidonge vya hospitali vya kushusha sukari. Mtu anameza hiyo na glibenklamidi yake, sukari inaanguka. Ukiamua kutumia mlonge au kitu kingine, mwambie daktari, usiache dawa, na pima.

*Nataka kufunga Ramadhani au Kwaresima.* Nenda kliniki wiki kadhaa kabla. Saa na vipimo vya dawa hubadilishwa. Wanaotumia glibenklamidi au insulini wasijipangie wenyewe.

*Sukari imepanda ghafla bila sababu.* Fikiria maambukizi: malaria, mkojo, jino, kidonda. Fikiria pia kama ulipewa prednisoloni au deksamethasoni kwa pumu, mzio au maumivu, maana zinapandisha sukari sana.

*Naumwa, natapika au naharisha.* Kunywa maji mara kwa mara, pima kila baada ya saa chache kama unaweza. Metformini husimamishwa kwa siku hizo mpaka uweze kula na kunywa, lakini insulini usiiache bila kumuuliza daktari. Ukishindwa kushikilia hata maji, nenda hospitali.

*Insulini nitaiweka wapi, sina friji?* Chupa unayotumia inaweza kukaa takriban wiki nne mahali pa kivuli pasipo joto kali. Kwa joto letu, ifunge kwenye mfuko wa plastiki, uiweke kwenye chungu cha udongo kilichowekwa ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga unaolowanishwa kila siku. Isigande, na isipigwe jua. Ikibadilika ikawa na mabonge, itupe.

*Dawa zimeisha na tarehe ya kliniki bado wiki mbili.* Usisubiri tarehe na usigawane vidonge na jirani mwenye kisukari, hata kama jina la dawa linafanana, kwa sababu miligramu zinaweza kutofautiana. Chukua pakiti tupu na daftari lako, nenda kituo cha afya kilicho karibu au duka la dawa lenye mfamasia, uonyeshe vyote viwili. Na mara ijayo, zikibaki za siku saba, ndiyo siku ya kwenda kuchukua nyingine.